Nabi wa ugenini, Gamondi wa nyumbani

Jumapili ya tarehe 28 Julai 2024 nilikuwa kibanda umiza, Mbagala, nimelipa buku langu, nimebanwa kati ya jamaa wa bodaboda aliyepakata helmeti na mjomba wangu aliyekuja na kigoda chake kutoka nyumbani kwa sababu mabenchi ya pale yanamuumiza kiuno. Yanga ilikuwa Bloemfontein, Afrika Kusini, ikicheza na Kaizer Chiefs kugombea Kombe la Toyota. Benchi letu lilikuwa la Miguel Gamondi, Muargentina. Benchi lao lilikuwa la Nasreddine Nabi, Mtunisia, mtu ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa wetu.

Prince Dube moja. Clement Mzize moja. Aziz Ki mawili. Nne bila, tena kwao. Kibanda kilitaka kung'oka mabati. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mjomba alikaa tu kwenye kigoda chake, mikono katikati ya mapaja, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba lakini bado hajaambiwa ni wa nani.

"Mjomba, vipi? Umehamia Kaizer?"

"Nyamaza wewe," akaniambia. "Huyo mnayemcheka ndiye aliyewatoa aibuni. Leo kakaa benchi la watu ndiyo mnamuona hajui?"

Ubishi ukaanzia pale na mpaka leo haujaisha. Mjomba ni fundi cherehani Rangi Tatu, na kila nikipita kibandani kwake lazima liibuke: Nabi au Gamondi? Yeye ni Nabi tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa Gamondi damu. Ninasema nilikuwa, kwa sababu siku moja nilikaa nikaandika mechi zote za hawa watu wawili kwenye daftari, nia yangu ikiwa ni kumfunga mdomo mjomba, na daftari likaanza kunisuta mwenyewe.

Lakini kwanza turudi Aprili 2021, Nabi anafika. Kumbukeni hali yetu. Simba walikuwa wanaelekea kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Sisi mara ya mwisho ilikuwa msimu wa 2016/17. Mimi nafanya kazi kwenye duka la steshenari, natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi. Bosi wangu wa wakati ule alikuwa Mnyama, yaani shabiki wa Simba, wa kutupwa. Kila Jumatatu baada ya Simba kushinda nilikuwa nikiwasha kompyuta nakuta kabadilisha picha ya mbele: leo kombe, kesho kikosi, keshokutwa simba anakula. Nikitoa, kesho yake kairudisha. Miaka minne mtu nachapa wasifu wa wateja huku simba ananitazama.

Nabi hakuja na maneno mengi. Tarehe 3 Julai mwaka ule Zawadi Mauya akapiga shuti, Simba wakalala 1-0 ligi ikiwa ukingoni. Wakatulipizia Kigoma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, 1-0 ya Taddeo Lwanga, na ubingwa wakachukua. Ila kuna kitu kilikuwa kimebadilika. Tulikuwa tumeacha kufungwa ovyo.

Msimu uliofuata, 2021/22, hatukufungwa kabisa. Mechi 30 za ligi, ushindi 22, sare 8, pointi 74. Kikosi kile nakikariri kama jedwali la kuzidisha: Djigui Diarra golini, Djuma Shaban kulia, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto kati, Khalid Aucho namba sita, Yannick Bangala popote utakapomuweka, Fei Toto nyuma ya mshambuliaji, na mbele Fiston Mayele anayetetema kila akifunga. Watoto wa mtaani kwetu walitetema, mabibi harusi walitetema ukumbini, na nimewahi kumuona trafiki akitetema katikati ya barabara kwa sekunde mbili, kisha akakumbuka yuko kazini.

Sasa hapo ndipo watu wanapojisahaulisha kitu. Msimu ule mtamu, Simba tulikutana nao mara mbili kwenye ligi. Desemba 2021: 0-0. Aprili 2022: 0-0. Dakika 180 za watani wa jadi bila bao, na mimi mechi zote mbili nilikuwepo uwanjani. Ile ya pili kuna mzee alikuwa mbele yangu amelala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi, na kofia yake ya kijani imeteleza puani. Nabi hakuwa na haraka. Alikuwa na pointi za kutosha, alihitaji Simba wasimfunge, hawakumfunga, akaenda nyumbani. Hata kiatu cha dhahabu kilikwenda kwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17 kwa 16 ya Mayele. Tulikuwa mabingwa ambao hawamwagi mabao. Alama zilikusanywa kama mama anayeweka senti kwenye kibubu.

Mjomba anaeleza kwa lugha ya kazi yake. Anasema Nabi ni fundi anayepima mara tatu kabla ya kukata. Mteja atachoka kusubiri, atasonya, ataangalia saa, lakini suti ikitoka imetoka. Gamondi anakata kwa jicho. Siku jicho limekaa sawa, nguo inatoka mpaka harusi nzima inageuka kuangalia. Siku halijakaa sawa, mkono mmoja mfupi.

Nilipoanza kuandika daftari langu sikuanza na ligi, maana ligi wote wawili walichukua. Nilianza na Afrika. Na hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho sikuwahi kukisikia kijiweni wala redioni.

Msimu wa 2022/23 Nabi alianzia Ligi ya Mabingwa. Akawapiga Zalan ya Sudan Kusini bila huruma, kisha akakutana na Al Hilal ya Omdurman. Kwa Mkapa, uwanja wetu wa Temeke, 1-1. Omdurman tukafungwa 1-0, tukashushwa Kombe la Shirikisho la Afrika. Watu wakaanza kelele: aondoke, hana mbinu, Afrika haiwezi. Mechi ya mchujo tukapewa Club Africain ya Tunisia. Nyumbani, 0-0. Nakumbuka tunatoka uwanjani kimya, mtu mmoja tu nyuma yangu anarudia, "Kwisha habari yetu, kwisha habari yetu," mpaka mwenzake akamwambia anyamaze. Nani angetegemea sare ya nyumbani halafu akapindue kwa Waarabu? Tukaenda Radès, nchini kwa Nabi mwenyewe, Aziz Ki akafunga moja, tukalinda, tukatoka.

Sasa angalieni mfululizo wa makundi na kuendelea. Monastir ugenini tulipigwa 2-0, Bamako tukapata sare ya 1-1. Nyumbani tulishinda zote tatu, siwezi kumnyima hilo. Lakini kuanzia mechi ya mwisho ya kundi, daftari langu linasoma hivi: Lubumbashi, TP Mazembe 0, Yanga 1, bao la Farid Mussa. Uyo, Nigeria, Rivers United 0, Yanga 2, Mayele yote mawili. Rustenburg, Marumo Gallants 1, Yanga 2. Algiers, USM Alger 0, Yanga 1, penalti ya Djuma Shaban mapema kabisa. Mechi nne za ugenini mfululizo, nchi nne, Kongo, Nigeria, Afrika Kusini, Algeria, na zote ushindi. Ongeza Radès ziwe tano ndani ya msimu mmoja. Mimi nimekua naambiwa kwamba timu ya Tanzania ikitoka nje inakwenda kuomba sare. Hapa kuna mtu alikuwa akitoka nje kwenda kuchukua chake.

Halafu geuza ukurasa, angalia mechi za nyumbani za mtoano, za mtu huyohuyo, msimu huohuo. Al Hilal 1-1. Club Africain 0-0. Rivers United 0-0, ile ambayo taa za uwanja zilizimika tukakaa gizani na tochi za simu, na kwa kweli mechi yenyewe haikuwa na mwanga zaidi ya hapo. Marumo 2-0, sawa. Na fainali, tarehe 28 Mei 2023, USM Alger wakatufunga 2-1 kwetu.

Fainali ile sipendi kuisimulia. Mageti yalikuwa na msongamano mbaya, mtu mmoja alipoteza maisha, wengine wengi waliumia, na wengi wetu tuliokuwa ndani hatukujua mpaka usiku. Ninachokumbuka cha mpira ni kwamba Mayele alisawazisha dakika za mwisho, uwanja ukalipuka, jamaa nisiyemjua akaninyanyua juu, na kabla hajanishusha Waarabu wakawa wamefunga la pili. Niliona bao lile nikiwa hewani, mikononi mwa mtu. Tukaenda Algeria kwa ndege aliyoitoa Rais Samia, tukashinda 1-0, jumla ikawa 2-2, wao wana mabao mawili ya ugenini na sisi tuna moja. Kombe likabaki Algiers. Mayele akawa mfungaji bora wa mashindano na mabao 7.

Kwa maana hiyo Nabi hakupoteza kombe la Afrika kwa Waarabu. Alilipoteza Temeke. Alikuwa mtaalamu wa nyumba za watu, na nyumbani kwake alikuwa kama mgeni: anakaa ukingoni mwa kiti, anasubiri akaribishwe. Timu yake ilikuwa nzuri mpinzani anapokuja, kwa sababu anapokuja anaacha nafasi, Aucho ananyang'anya, mpira unakwenda kwa Mayele. Mpinzani akikataa kuja, akakaa kwake, tulikuwa tunapasiana kama watu wanaosubiri daladala.

Wiki moja na siku chache baada ya Algiers, Nabi akachukua Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani pale Mkwakwani, Tanga, bao la Kennedy Musonda dhidi ya Azam, akafungasha. Hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe, akaenda AS FAR ya Rabat, na mwaka uliofuata Kaizer Chiefs.

Akaja Gamondi. Na tuseme ukweli, siku tuliyotangaziwa wengi tulikwenda kumtafuta kwenye simu tujue ni nani. Mayele akauzwa Pyramids, Bangala akaenda Azam, Djuma naye akaondoka. Ngao ya Jamii Tanga, Simba wakatutoa kwa matuta ya penalti. Bosi wangu Jumatatu akaweka picha ya kipa wao.

Ila ligi ilipoanza tukawa tunaangaliana. KMC tano. JKT Tanzania tano. Maxi Nzengeli anaingia ndani, Pacome Zouzoua anaingia ndani, Kouassi Yao anapanda kulia mpaka unasahau kwamba ni beki, na mpira ukipotea hawarudi nyuma, wanakimbilia palepale ulipopotea. Hatukuwa na namba tisa wa maana baada ya Mayele, na ndiyo ikawa raha: kila mtu akawa mfungaji. Mudathir Yahya, kiungo, anafunga dakika za jioni na kupiga simu ya mkono. Aziz Ki, yuleyule wa Nabi, akamaliza msimu na mabao 21, mfungaji bora wa ligi.

Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa jukwaa la mzunguko, kwa Mkapa. Musonda akafunga kichwa dakika ya tatu, Kibu Denis akasawazisha mapema, mapumziko 1-1. Mapumziko yale nilisema sala ya Nabi: ikiisha hivi si mbaya. Nimezoea. Nimefundishwa hivyo. Gamondi hakuwa amefundishwa hivyo. Maxi mbili. Aziz Ki lake.  Jamaa mmoja upande wetu alikuwa anahesabu kwa sauti na amepotea, anasema nne wakati ni tatu, mpaka la Pacome la penalti lilipoingia akawa hana haja ya kuhesabu tena, akanyoosha kiganja tu.

Simba 1, Yanga 5. Kutoka uwanjani kwenda Mbagala nilipanda daladala iliyojaa kijani. Konda kila akisema "Nauli", abiria anamnyooshea vidole vitano. Alicheka wa kwanza, akacheka wa pili, wa tatu akaanza kukasirika, na kumbe mwenyewe Simba. Tulipofika Mtongani akasimamisha gari, akasema atakayemuonyesha tena vidole anashuka. Mama mmoja aliyekaa siti ya dirishani, mtulivu, na kikapu chake, akamlipa noti ya buku na kumwambia kwa upole, "Baba, chenji yangu nipe sarafu tano." Gari zima likafa.

Kesho yake nilifika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya bosi. Sikuweka picha ya Yanga kwenye kompyuta. Niliweka namba 5, nyeusi, kwenye ukurasa mweupe. Alipofika aliiangalia, akaniangalia, akasema nimsaidie kutafuta karatasi za A4. Simba wenyewe wakamtimua kocha wao Robertinho siku chache baadaye.

Siku kama ile Nabi hakuwahi kunipa. Mjomba hapa huwa hana jibu, anajifanya anatafuta sindano. Na ushahidi mwingine nilionao dhidi yake ni wa kumdhalilisha kabisa: tarehe 24 Februari 2024, siku tuliyoiita Pacome Day, watu walipopaka nywele rangi ya dhahabu kama Pacome, mjomba wangu mwenye miaka sitini na ushee, shabiki wa Nabi, alipaka ndevu. Ndevu! Shangazi alimfungia chakula siku mbili. Lakini siku ile ilistahili. CR Belouizdad walikuwa wametupiga 3-0 kwao, kwa hiyo ili tupite juu yao hata tukilingana pointi, tulihitaji nne. Kocha wa kawaida angesema tushinde tu, mengine Mungu anajua. Tulishinda nne bila. Mudathir, Aziz Ki, Musonda, Joseph Guede. Mwisho wa kundi sisi pointi 8, Belouizdad pointi 8, na zile nne ndizo zilizotupitisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Medeama nao walikula tatu hapahapa. Al Ahly, hata Al Ahly, walitoka na 1-1 baada ya Pacome kusawazisha dakika za nyongeza.

Geuza ukurasa. Gamondi ugenini, kuanzia makundi: Algiers 0-3. Kumasi 1-1. Cairo 0-1. Pretoria 0-0. Hakuna ushindi hata mmoja. Nilikaa na kalamu mkononi nikaangalia kurasa mbili zile nikasema, hebu ngoja.

Pretoria ninaijua, najua mtakuja na Pretoria. Na mimi nitakuja nayo. Mamelodi Sundowns walikuja hapa tukatoka 0-0 bila Pacome aliyekuwa majeruhi, tukaenda kwao Aprili 5, na Aziz Ki akapiga mkwaju kutoka mbali, ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, na kwa macho yangu na ya Watanzania wote waliokuwa na macho ulikuwa umevuka mstari. Mwamuzi hakuita bao, na waliokuwa kwenye video hawakumrudisha. Tukatolewa kwa matuta 3-2. Nilirudia kipande kile kwenye simu mpaka bando likaisha. Kwa haki, ule ulikuwa ushindi wa ugenini na nusu fainali. Nimeuandika kwenye daftari kwa penseli, pembeni.

Kuna jambo moja linawaunganisha hawa watu, na huwa linanichekesha: Ihefu. Nabi alikwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, rekodi ambayo tulikuwa tunaiimba kama wimbo wa taifa, na walioikata ni Ihefu, Novemba 2022, pale Highland Estates, Mbarali, 2-1. Gamondi alianza ligi kwa moto ule wote, na wa kwanza kumfunga ni Ihefu, Oktoba 2023, uwanja uleule, 2-1 ileile. Mmoja anapima, mwingine anakata kwa jicho, na wote wawili shati liliraruliwa kwenye mashamba ya mpunga.

Mjomba hupenda kusema Gamondi alikula alichopanda Nabi. Nusu ni kweli. Diarra, Job, Mwamnyeto, Bacca, Aucho, Lomalisa, Mudathir, Aziz Ki, Musonda: wote aliwakuta. Waliokuwa wamejifunza chini ya Nabi kutokuwa na woga mbele ya Waarabu ndio waliomruhusu Gamondi apeleke mabeki mbele. Lakini aliyewakuta si lazima angejua wanaweza kitu kingine. Nabi alikuwa na Aziz Ki msimu mzima na hakumfanya vile. Na upande mwingine, Nabi alimpoteza Fei Toto katikati ya msimu kwa ule mgogoro wa mkataba, na bado akafika fainali ya Afrika. Gamondi alipewa mifuko iliyofunguka zaidi. Ilipofika 2024 uongozi ulimletea Dube, Chama kutoka kwa watani, Boka, Abuya, benchi zima la watu ambao kwingine wangeanza.

Na pale ndipo alipoteleza. Msimu wa 2024/25 alianza kwa mechi nane za ligi, ushindi nane, bila kuruhusu hata bao moja, Simba wakiwemo. Ukiniuliza, timu ile ilikuwa imeanza kucheza kama ya Nabi: moja bila, moja bila, moja bila. Watu wakanung'unika! Wale wale waliokuwa wakimlaumu Nabi kwa moja bila. Halafu Novemba 2 Azam wakatufunga 1-0, Bacca kadi nyekundu. Novemba 7 Tabora United wakaja Chamazi wakatupiga 3-1, wakipita kwenye nafasi zilezile nyuma ya mabeki ambazo mwaka mzima tulikuwa tunaziita ujasiri. Novemba 15 Gamondi akapewa barua. Mechi mbili. Alikuwa ametupa ubingwa wa 30, makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, na ile tano. Baadaye alirudi nchini kuifundisha Singida Black Stars, na mimi kila nilipomuona kwenye benchi lao nilihisi kama nimekutana na mke niliyemwacha bila sababu ya maana.

Basi nani? Zamani ningesema Gamondi bila kupepesa. Sasa hivi, kwa daftari hili, mkiniambia yuko mmoja wa kurudi kesho asubuhi, namtaka Nabi. Nitaboreka. Nitasonya kwenye 0-0 nyingine na mzee mwingine atalala mbele yangu. Lakini kucheza vizuri nyumbani, watu elfu hamsini wakikuimbia, nimeona makocha wengi wakiweza. Kwenda Lubumbashi, Uyo, Rustenburg na Algiers ukarudi na ushindi wote, nimemuona mmoja. Furaha kubwa ya maisha yangu ya ushabiki alinipa Gamondi, hilo halina mjadala, na siku nikifa wanizike na kile kiganja. Ila ile timu ya Nabi, ikiwa ndege imeshaondoka na mimi niko kibandani nasubiri, nilikuwa nakula chakula kikapita.

Usiku wa ile Novemba 15 nilipita kwa mjomba nikijua atanikoga. Alikuwa anashona sare za shule, taa ya betri imening'inia juu ya cherehani, redio imezimwa. Nikakaa kwenye kigoda.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba Nabi na Tabora angetoka japo sare."

Alivuta kitambaa, akakata uzi kwa meno. "Angetoka sare," akasema. Kisha akageuza lile shati dogo, akaanza upande wa pili. "Na Gamondi mechi ijayo angewapiga watu tano. Sasa hiyo mechi ijayo hamkumpa."